Nahodha wetu anataka tulale Mbudya bila kulipia chochote

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 25, ninaishi Tabata na ninatunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, jambo ambalo nadhani ndilo lililowafanya rafiki zangu wanikabidhi uweka hazina bila hata kuniuliza.

Tuko wanane, wanaume watano na wanawake watatu, tuliosoma chuo pamoja, na tangu tuhitimu hatukutani isipokuwa kwenye harusi na misiba. Mwezi uliopita tuliazimia kwenda kupiga kambi kisiwani kwa usiku mmoja, na kwa kuwa hakuna kati yetu mwenye fedha za kuchezea, tulikubaliana kila mmoja achange shilingi 45,000, yaani 360,000 kwa jumla, zitoshe kwa kila kitu tangu tunapotoka nyumbani Jumamosi asubuhi hadi tunaporudi Jumapili. Tulichagua Mbudya kwa sababu ukisimama ufukweni Kunduchi unaiona, ingawa mmoja wetu bado anashikilia kwamba safari ya kweli ni Mafia, ambako tungeweza kumwona papa potwe.

Tatizo letu ni mwenzetu tunayemwita Nahodha, ijapokuwa chombo pekee alichowahi kukiongoza ni bodaboda. Yeye anasema fedha tulizopanga ni nyingi mno. Amezungumza na mvuvi mmoja atakayetuvusha Jumamosi baada ya magharibi na kuturudisha alfajiri, ili tusikutane na mtu wa kutudai ada. Chakula tusinunue, kwa sababu atakuja na mishipi na ndoano na tutakula samaki tutakaowavua wenyewe. Maji tubebe chupa moja moja, kwa kuwa kisiwani hapakosi madafu. Mahema tuyasimamishe mchangani karibu kabisa na bahari ili picha zipendeze, na tarehe tayari ameichagua: mwisho wa wiki wa mwezi mpevu, tupate mbalamwezi ya kutosha.

Watatu kati yetu hatujui kuogelea, nami nikiwa mmojawapo. Nilipouliza kuhusu majaketi okozi, alinijibu kwamba bahari ya pale ni kama bwawa. Wenzangu wawili wa kike wana wazazi ambao bado hawajakubali walale nje, nao wamenificha jambo hilo hadi juzi. Fedha nazo hazijakusanyika: watatu tumelipa, wanne kila siku wananiambia kwamba watatuma kesho, na Nahodha anadai mchango wake ni kumpata huyo mvuvi. Kila nikihoji jambo kwenye kundi letu la WhatsApp, naitwa mwoga, na jana mmoja aliandika kwamba nimekuwa mkoloni wa fedha za watu.

Je, nirudishe shilingi 135,000 nilizonazo na nijitoe, au ipo njia ya kwenda kwa gharama ndogo bila kuhatarisha maisha na bila kuvunja urafiki wa miaka sita?

Mweka Hazina Asiyechaguliwa,
Tabata, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Usijitoe, na fedha za watu usizirudishe kwanza. Safari mliyoipanga ni nzuri, na kiasi mlichokubaliana si cha anasa. Kosa la Nahodha si kupenda kubana matumizi, kwa maana hata mimi nikienda ufukweni hubeba chai yangu kwenye chupa. Kosa lake ni kwamba amebana chombo, ada na maji, ambavyo ndivyo vitu vitatu visivyobanika, kisha akaacha bila mpango yale yote ambayo mngeweza kuyapata kwa kuazima.

Nianze na huyo mvuvi wa baada ya magharibi. Mbudya si kisiwa kisicho na mwenyewe. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na leo ni eneo tengefu linalosimamiwa kwa sheria ya mwaka 1994 ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Kwa hiyo anayekanyaga pale hulipa ada, na anayetaka kulala hupaswa kuomba ruhusa ya kulala. Ulizeni viwango kwa wahusika kabla ya kupanga bajeti, lipeni kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali, na dai risiti. Viwango vya raia na vya wageni havilingani, hivyo kila mtu abebe kitambulisho chake cha taifa asije akatozwa kama mgeni nchini mwake. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni, ada hiyo ina faida ambayo Nahodha hajaifikiria: aliyelipa anajulikana kuwa yupo kisiwani. Ninyi mkivushwa gizani na mtu aliyeahidi kurudi alfajiri, kisha injini yake ikagoma au akapata safari nyingine yenye fedha zaidi, hakuna mwenye habari kwamba kuna vijana wanane wanasubiri ng'ambo.

Chukueni boti ya abiria ya mchana, zile zinazowavusha watu kila siku kutoka upande wa Kunduchi, na kabla ya kulipa nenda wewe na mwenzako mmoja mkaione kwa macho. Hesabuni majaketi okozi, na kila mmoja avae la kwake tangu kupanda hadi kushuka, anayejua kuogelea na asiyejua. Habari ya bahari ya pale kuwa bwawa, mwulize mzee yeyote wa Kunduchi, naye atakueleza jinsi kusi inavyovuma mchana kati ya Juni na Septemba, na mlango huo kati ya bara na kisiwa unavyochafuka wakati asubuhi yake ulikuwa kimya. Siku mbili kabla ya safari, sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitolewa ile tahadhari yao ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, ahirisheni bila mjadala, na mkubaliane na mwenye boti mapema kwamba malipo ya awali yatahamia tarehe nyingine hali ya hewa ikikataa.

Sasa maji. Kisiwa hicho hakina kisima cha kutegemea wala kijiji cha kuomba msaada, na dafu si mpango wa maji. Kwa joto letu, mtu mmoja anahitaji kama lita tano kwa siku za kunywa na kupikia, kwa hiyo watu wanane kwa siku mbili ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20, na ongezeni la tano la kunawia na la dharura. Hayo madumu matano yana uzito wa kilo 100, sawa na mtu mzima mmoja na nusu, na ndiyo sababu unapopatana na mwenye boti umwambie idadi ya watu pamoja na mizigo, asije akaongeza abiria wengine juu ya mzigo wenu. Maji ya kuchemsha nyumbani yakipoa na kutiwa kwenye madumu safi hugharimu mkaa tu. Hapo ndipo pa kubana matumizi kwa haki, kwani shehena ya chupa ndogo za dukani ingekula sehemu kubwa ya mchango wenu na kuwaachia gunia la taka la kurudi nalo.

Jambo la mwezi mpevu nitalikalia kidogo, kwa sababu ndilo linalowaponza vijana wengi wa mjini, na mimi mwenyewe niliwahi kuponzwa nalo. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa kupita kiasi cha kawaida na hupwa kupita kiasi cha kawaida, na katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Tena siku hizo za bamvua, kwenye pwani yetu, maji hufika kileleni karibu na saa kumi, ya jioni na ya alfajiri. Fikiria basi mahema yaliyosimamishwa saa nne usiku wakati maji yamekupwa, ufuko ni mpana, mchanga mkavu unaita, na kila mtu anasema hapa ndipo. Saa sita baadaye, wote wakiwa katika usingizi mzito, bahari inakuja kudai mahali pake. Mimi nilipokuwa na umri wako nilipoteza hivyo viatu, sufuria na begi la rafiki yangu lililokuwa na nauli zetu, na tulicheka baada ya miaka miwili, si siku ile.

Kwa hiyo sogezeni tarehe iwe juma moja kabla ya mwezi mpevu. Angalieni siku za mwezi mwandamo, mchague mwisho wa wiki unaoangukia kati ya siku ya saba na ya kumi. Hayo ni maji mafu: bahari haijai sana wala haipwi sana, na boti husogea ufukweni bila kuwalazimisha kubeba madumu mabegani katika tope la Kunduchi. Mbalamwezi nayo hamtaikosa, kwani mwezi wa siku hizo huwa tayari uko juu jua linapotua, na huangaza hadi karibu saa sita usiku au zaidi, saa ambayo watu wenye akili huwa wamekwisha kulala. Hata hivyo, mkifika tembeeni kwanza ufukweni mtafute mstari wa mwani mkavu, vijiti na takataka zilizoachwa na maji, ambao ndio mpaka wa bahari. Simamisheni mahema juu ya mstari huo kwa hatua nyingi, upande unaotazama bara ambako mawimbi ya bahari kuu hayapigi moja kwa moja, wala msijiweke chini ya matawi makavu. Nyakati za maji kujaa na kupwa katika bandari ya Dar es Salaam hupatikana kwenye intaneti, na wavuvi wanazijua kwa kichwa.

Kuhusu mishipi na ndoano, ziacheni nyumbani. Ndani ya eneo tengefu hairuhusiwi kuvua, kuvunja matumbawe wala kuokota kombe na makoa kwenda kuyapamba sebuleni, na pwani hii imeteswa vya kutosha na uvuvi wa baruti hata tuitunze kwa bidii sehemu ndogo inayolindwa. Isitoshe, mpango wa chakula unaomtegemea mvuvi asiyewahi kuvua ni mpango wa njaa. Mchana hapo kisiwani huuzwa samaki wa kuchoma na chipsi, na mlo mmoja wa namna hiyo, mkiugawana wawili wawili, utawapa raha ya kisiwa. Vyakula vingine pikeni nyumbani: chapati, maharage yaliyokwisha kuungwa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, ndizi mbivu na majani ya chai. Usiku mtahitaji kupasha moto tu, kwa hiyo jiko moja la mkaa na mfuko mdogo wa mkaa vinatosha, na hamtakuwa na sababu ya kukata mti hata mmoja. Chakula kikae kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, kwa sababu kaa wa usiku hawana adabu.

Mahema msinunue. Katika watu wanane hakosi mwenye ndugu aliyekuwa skauti au jirani aliye katika umoja wa vijana wa kanisani au msikitini wenye mahema yanayokaa stoo mwaka mzima. Yaazimeni, yafungueni nyumbani mhesabu vyuma na vigingi, kisha yakaguliwe zipu, maana hema lisilofunga ni karamu ya mbu. Mikeka, mashuka, tochi, sufuria, dawa za huduma ya kwanza na malapa ya plastiki ya kuvaa hata ndani ya maji yenye miamba vimo tayari katika nyumba zenu. Taka zote mrudi nazo bara.

Nimefika kwenye eneo lako, mweka hazina. Umeitwa mkoloni kwa sababu unawadai watu fedha ambazo bado wanaziona ni zao, nawe huna tarehe ya kuwaonyesha. Weka tarehe. Iwe siku kumi kabla ya safari, saa mbili usiku, na tangaza kwamba atakayekuwa hajalipa saa hiyo hahesabiwi kwenye boti, bila ugomvi na bila maneno ya pembeni. Fedha zikae kwenye laini ya simu usiyoitumia kwa mambo yako, na kila anapolipa mtu, andika kundini jina lake, kiasi na jumla mpya. Nimeona aibu ya kuachwa nje ya orodha ikilipa madeni ambayo maombi ya mwezi mzima hayakuyalipa.

Kabla ya tarehe hiyo mwulize mwenye boti swali moja: analipwa kwa kichwa, au mnaikodi boti nzima? Akilipwa kwa kichwa, mtu mmoja akijitoa haongezi mzigo kwa wengine. Mkikodi boti nzima, kila anayejitoa anawapandishia gharama waliobaki, na hapo mkubaliane tangu mwanzo kwamba atakayejitoa baada ya tarehe ya mwisho atarudishiwa sehemu yake ya chakula, lakini ya boti haitarudi. Katika zile 360,000 tenga kwanza boti, ada na nauli za kufika Kunduchi, kisha weka pembeni 36,000 ambazo hazina kazi yoyote isipokuwa dharura, na kinachobaki ndicho cha chakula. Kikiwa kidogo, mtakula maharage mara mbili. Dharura isipotokea, wagawie 4,500 kila mmoja Jumapili mkiwa mnashuka botini, na nakuhakikishia kwamba safari ya pili hutaombwa tena ueleze kwa nini unadai mapema.

Kuhusu wenzako wawili wa kike, naomba msiwatungie uongo wa kwamba wamelala kwa shangazi. Mzazi anayekataa mara nyingi anakataa kutojua. Apewe majina ya wanaokwenda, namba ya simu ya mwenye boti, nakala ya risiti ya ada na saa ya kurudi, na aambiwe kwamba wanawake watalala kwenye hema lao peke yao. Kwa kuwa bara liko karibu, mtandao wa simu hufika, hivyo anaweza kupigiwa usiku na asubuhi. Akishaelezwa hayo na bado akakataa, basi binti aje Jumamosi asubuhi, ale samaki pamoja nanyi, arudi na boti ya jioni, na alipie sehemu yake ya siku hiyo tu. Asichekwe. Vilevile wewe na wenzako wawili msiojua kuogelea msikubali kuvutwa kwenye maji yanayopita kiuno kwa ajili ya picha, na vileo, kama kuna mnaotumia, visubiri hadi watu wote wametoka majini.

Anayeitaka Mafia hakukosea, ila amewahi. Safari hiyo huanza kwa basi hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha kivuko hadi Kilindoni, na kwa usiku mmoja hiyo ni kulipa nauli nyingi ili kulala kidogo. Mafia ina wenyeji, masoko, maji na mama lishe, kwa hiyo ukikaa siku nne au tano gharama ya kila siku huwa ndogo kuliko ya kisiwa kitupu, kwa kuwa hubebi kila tone la maji. Papa potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi katika maji ya karibu na Kilindoni, na ukielekea kusini, Utende na Chole, unaingia katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, ambako nako kuna ada. Mwambie aanze kuweka akiba sasa, naye ndiye awe mweka hazina wa safari hiyo.

Amebaki Nahodha mwenyewe. Usimjibu kundini mbele ya watu. Mpigie simu au mkutane wawili, umwambie kwamba mchango wake wa kutafuta chombo umepokelewa, lakini 45,000 zake bado zinahitajika kama za wengine, na kwamba unataka awe msimamizi wa botini na kambini: ahesabu majaketi kabla ya kuondoka, ahesabu watu kupanda na kushuka, apange zamu ya madumu, na awe ndiye anayesoma nyakati za maji na kuonyesha mahali pa kusimamisha mahema. Mpe na hili la bamvua la saa kumi alfajiri, umwache yeye alitangaze kundini kana kwamba amelivumbua. Akikataa kulipa hata baada ya hapo, saa mbili usiku ya tarehe uliyoiweka itamhusu kama inavyowahusu wale wanne wa kesho.